Karatasi ya Diwani: Uchaguzi wa Halmashauri Maswa na Bariadi

Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 31 Oktoba 2010, wapiga kura wa Maswa, Bariadi na Meatu, wilaya zilizokuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, walikabidhiwa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ubunge ndio uliovuma, kwa sababu John Shibuda na Sylvester Kasulumbayi wa CHADEMA waliyatwaa majimbo mawili ya Maswa, Meshack Opulukwa wa chama hichohicho akashinda Meatu, na John Cheyo wa UDP akaendelea kuishika Bariadi Mashariki. Karatasi ya diwani ilizungumzwa kidogo, ilhali ndiyo inayounda halmashauri, yaani chombo cha wawakilishi wa kata chenye mamlaka ya kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo na kusimamia shule za msingi, zahanati na masoko.

Haki ya kumchagua mwakilishi huyo Usukumani, eneo la Wasukuma lenye wilaya hizo, ilipatikana kwa taabu. Wakati wa Waingereza mamlaka ya wenyeji yalikuwa ya watemi, yaani machifu, waliosaidiwa na wanangwa, yaani wakuu wa vijiji. Sheria ya serikali za mitaa ya 1953 ilifungua mlango wa halmashauri, lakini serikali ilizitaka ziwe za Waafrika, Wazungu na Waasia kwa pamoja, katika nchi ambayo walipa kodi wake walikuwa hasa wakulima Waafrika. Ndiyo maana mwaka 1958 wananchi wa Geita waliikataa halmashauri ya namna hiyo, wakaandamana hadi Mwanza, na hatimaye ikavunjwa. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria.

Pigo kubwa lilikuja 1972. Mpango wa Madaraka Mikoani, uliokusudiwa kusogeza maendeleo karibu na wananchi, ulizivunja halmashauri na kuzikabidhi kazi zake kwa watumishi walioteuliwa na serikali kuu, hata mkulima wa Maswa akakosa diwani wa kumuuliza habari za kisima kilichoharibika au zahanati isiyo na dawa. Ni vigumu kuiita hali hiyo madaraka ya wananchi. Huduma za miji zilizorota upesi, halmashauri za mijini zikarudishwa 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za 1982, zikaanza kazi upya 1984.

Leo uzito wa karatasi ya diwani umeongezeka, kwa kuwa Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa 2012 ukazichukua wilaya hizo, na makao yake yakiwa Bariadi, ulikua kutoka watu 1,584,157 mwaka huo hadi 2,140,497 katika sensa ya 2022, na Bariadi yenyewe ina halmashauri ya mji iliyo tofauti na ile ya wilaya. Fedha inayogombewa vikaoni inaonekana wazi: ushuru wa pamba, tozo ambayo mnunuzi hulipa kwa halmashauri ya mahali zao lilipotoka, na ambayo kiwango chake cha juu kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017, kikapunguza pato la wilaya za pamba kama Maswa.

Tofauti na Toronto au Calgary nchini Kanada, ambako wakazi humpigia meya kura moja kwa moja, mwenyekiti wa halmashauri Maswa huchaguliwa na madiwani wenzake, huku mkurugenzi, anayeandaa bajeti wanayoijadili, akiteuliwa na Rais.