Je, Wajua? Pua Mpya Hukawia Kutulia

Je, wajua kwamba shirika la AMREF, la madaktari wa ndege, lilianzishwa mwaka 1957 na mabingwa watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile? Walikuwa Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe ndiye aliyewaundia nyuso upya marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

Je, wajua kwamba pua unayoiona plasta ikitolewa, wiki moja hivi baada ya upasuaji wa pua wa aina hiyo, siyo utakayobaki nayo? Macho huvimba na kuvilia damu, kisha hutulia. Ncha ya pua ndiyo hukawia: mwaka mzima, na kwenye ngozi nene hata zaidi. Usimhukumu daktari mwezi wa pili.

Kuinua pua bapa huhitaji gegedu. Hutolewa ndani ya pua yenyewe, sikioni au ubavuni, na ubavu huweza kuuma kuliko pua.

Kama kwenu makovu huota na kuwa keloidi, sema mapema, hasa tundu za pua zikipunguzwa, kwani mkato huo huwa nje.

Mkulima wa Kitale, usipange upasuaji wakati wa kupukuchua mahindi! Vumbi la mashine huleta chafya. Ikikushika, piga chafya mdomo ukiwa wazi. Kupenga kamasi, kuinamia jembe na kubeba gunia, ngoja mpaka daktari akuruhusu. Ndani ya matatu kaa dirishani, kiwiko cha jirani aliyesinzia kisikufikie.

Je, wajua kwamba aliyevunjika pua kwa ajali ya bodaboda hana muda wa kusubiri? Mfupa wa mtu mzima hurudishwa vizuri ndani ya wiki mbili hivi. Lakini damu ikijikusanya kwenye ukuta wa kati, pua ikaziba na maumivu yakazidi, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Isipotolewa, gegedu hufa na mgongo wa pua hubonyea. Kimbia hospitali ya rufaa ya kaunti, uwe Bungoma au Kitale. Ikibidi watakutuma Eldoret.

Leseni ya daktari hutolewa na baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, na huhuishwa kila mwaka. Iulizie kabla ya kulipa chochote. Uliza pia amefanya pua ngapi kama yako, na nani atakayekupa dawa ya usingizi.