Ufunguo wa Ghala U Mkononi mwa Nani?

Askari aliye lindoni hulinda mlango, na hujua pia ni nani mwenye ufunguo na ni amri ya nani iwezayo kuufungua. Swali hilo yafaa liulizwe na kila chama cha akiba na mikopo kinachotaka kufungua tovuti yake. Tovuti haielei hewani. Hukaa ndani ya seva, yaani kompyuta kuu, katika jengo fulani, chini ya sheria za nchi fulani. Humo ndimo yanamoweza kuwekwa majina ya wanachama, makazi yao, simu za wake na waume zao, na hesabu za fedha zao. Orodha ya namna hiyo ikiwa ya askari, mtu mbaya akiipata atajua hata watoto wanalala wapi.

Wengi hudhani kuwa yatosha kujua nchi lilimo jengo. Sivyo. Mwezi Desemba 2013, hakimu mmoja wa New York aliiamuru kampuni ya Microsoft itoe barua-pepe katika uchunguzi wa biashara ya dawa za kulevya. Barua hizo zilikuwa zimehifadhiwa Dublin, nchini Ireland. Kampuni ilikataa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Lakini Machi 2018 Marekani ilitunga sheria mpya: kampuni iliyo chini ya mamlaka yake, ikipewa amri halali, itoe data zilizo mikononi mwake hata kama zimewekwa ng'ambo. Mwezi uliofuata kesi ikafungwa. Ghala lilikuwa Ulaya; mwenye ufunguo alikuwa Mmarekani.

Estonia, nchi ndogo ya Baltiki, ilitafuta njia nyingine. Mwaka 2007 tovuti za serikali yake, benki na magazeti zilishambuliwa kupitia intaneti. Baadaye, mwaka 2017, ilitia saini mkataba na Luxembourg ili nakala za kumbukumbu zake muhimu zitunzwe huko, kwa kinga inayofanana na ile ya ubalozi. Wenyeji hawawezi kuingia humo bila ridhaa ya Estonia. Data ziko ugenini, lakini mamlaka yamebaki nyumbani.

Katika eneo letu, Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zaweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi.

Basi, kabla ya kulipa ada, viongozi wa chama waulize: Seva iko nchi gani? Kampuni yenyewe inatii sheria za nani? Nakala za akiba zimewekwa wapi, na nani awezaye kuzifungua? Majibu yaandikwe katika mkataba. Bei ndogo huvutia, lakini wahenga walikwisha kuonya: rahisi ghali.