Besiboli: kwa nini mikono ya warushaji inaharibika mapema hivi?

Leo naomba tuwaache kidogo Simba na Yanga, Arsenal na Man U, tuongelee besiboli. Najua kuna watakaosema huo mchezo wa Wamarekani unatuhusu nini. Subirini kwanza. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ilisajili vijana wawili kutoka hapo jirani Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote wawili ni warushaji, yaani wale wanaomrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Na kama kuna kazi kwenye michezo inayomaliza mkono wa mtu akiwa bado kijana, ni hiyo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuangalia: mechi ina vipande 9, vinaitwa iningi. Mrushaji anasimama mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, anarusha mpira mgumu wa gramu kama 145, na ukitoka mkononi unafika kabla hujapepesa macho vizuri. Yule anayeanza mechi ndiye tegemeo, akichoka wanaingia wengine kumalizia. Sasa, timu inacheza mechi 162 ndani ya miezi sita, yaani karibu kila siku! Hakuna binadamu wa kurusha kila siku, kwa hiyo timu huwa na waanzaji watano wanaopokezana. Ukianza leo unapumzika siku nne au tano, halafu zamu yako inarudi. Watano wakiwa wazima, kocha analala usingizi. Wawili wakiumia kwa pamoja, usiombe.

Haya, tuwaangalie Dodgers wa 2024. Ni matajiri hasa. Walimchukua Mjapani Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 za miaka 10. Ohtani anapiga na anarusha, ila Septemba 2023 alishafanyiwa upasuaji wa kiwiko, kwa hiyo 2024 nzima alikuwa mpigaji tu. Wakamchukua Mjapani mwingine, Yoshinobu Yamamoto, dola milioni 325 kwa miaka 12. Wakampa Tyler Glasnow dola milioni 136.5 kwa miaka 5. Ukiongeza mkongwe Clayton Kershaw na vijana wao wa nyumbani, unasema hapa kazi imekwisha.

Wapi! Yamamoto akaumia bega mwezi Juni, akakaa nje karibu miezi mitatu. Glasnow kiwiko kikamgomea Agosti, msimu ukaishia hapo. Tena zile iningi 134 alizorusha ndizo nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake, na tayari alikuwa analipwa mamilioni. Kershaw alirudi Julai kutoka kwenye upasuaji wa bega, mwezi mmoja na siku chache baadaye kidole cha mguu kikamtoa. Tony Gonsolin na Emmet Sheehan walikuwa wanauguza viwiko vilivyofanyiwa upasuaji. Kijana River Ryan alianza mechi 4 tu za ligi kuu, kiwiko kikakatika. Gavin Stone, aliyerusha iningi nyingi kuliko wenzake wote pale (140 na kidogo), bega likamwisha, Oktoba akaingia chumba cha upasuaji. Na Dustin May, ambaye alikuwa tayari anauguza kiwiko, akachanika umio wakati anakula saladi mpaka akapasuliwa. Saladi jamani!

Mashindano ya mwisho wa msimu yanaanza Oktoba, timu tajiri kama ile imebakiwa na waanzaji watatu: Yamamoto, Walker Buehler na Jack Flaherty waliyemnunua Julai dakika za majeruhi. Siku ambayo hakuna wa kuanza, walipanga foleni ya warushaji wa akiba, kila mmoja anarusha kidogo anatoka. Tarehe 9 Oktoba walitumia warushaji 8 kwenye mechi moja dhidi ya San Diego, wakashinda 8-0. Na ubingwa wakauchukua tarehe 30 Oktoba mbele ya Yankees, Buehler akiingia kufunga iningi ya mwisho wakati alikuwa ameanza mechi siku mbili tu kabla.

Sasa tatizo lenyewe ni nini? Shika kiwiko chako upande wa ndani, ule unaogusa mbavu ukishusha mkono. Hapo kuna kano fupi inayofunga mfupa wa juu na wa chini. Mrushaji anapovuta mkono nyuma, kifua kinatangulia mbele huku kigasha kikiwa bado kimelala nyuma, halafu mkono mzima unafyatuka. Wataalamu wamepima bega linazunguka kwa kasi ya nyuzi kama 7,000 kwa sekunde. Msuli unaizunguka ile kano na kuibebea sehemu ya mzigo. Msuli ukichoka, mzigo unabaki kwa kano peke yake, na kano haikuumbwa kwa kazi hiyo. Inachanika kidogo kidogo, siku moja inakatika.

Zamani ikikatika ndiyo basi, unarudi kwenu. Mpaka tarehe 25 Septemba 1974, Dk. Frank Jobe alipochukua kano kutoka kwenye mkono mmoja wa mrushaji wa Dodgers hao hao, Tommy John, akaipandikiza kwenye kiwiko cha mkono mwingine. John akarudi uwanjani 1976, akacheza mpaka 1989. Upasuaji ukapewa jina lake. Leo ni jambo la kawaida, lakini msiudharau: kupona ni mwaka mzima mpaka mwaka na nusu, na wengine hawarudi walivyokuwa. Bega ndiyo baya zaidi, halina dawa ya uhakika kama kiwiko.

Kuna mtu mmoja ambaye lazima nimtaje, Mark Prior. Mwaka 2003 Prior alikuwa na miaka 22 tu, yuko Chicago Cubs, timu iliyokuwa haijachukua ubingwa tangu 1908. Yeye na mwenzake Kerry Wood walikuwa moto wa kuotea mbali. Wood alishawahi, mwaka 1998 akiwa na miaka 20, kuwatoa wapigaji 20 kwenye mechi moja, na mwaka uliofuata wote akaukosa kwa sababu ya kiwiko! Kocha Dusty Baker aliwategemea hao wawili sana. Leo mrushaji akifika mipira 100 watu wanaanza kumwangalia kwa wasiwasi. Prior Septemba ile alivuka 120 mara kadhaa, na kuna siku alipita 130. Tarehe 14 Oktoba Cubs wanaongoza 3-0, wamebakiza watu watano tu wa kuwatoa waingie fainali. Prior bado yuko pale anarusha. Wakafungwa 8-3, kesho yake Wood naye akapigwa, safari ikaishia hapo.

Prior alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi kuu Agosti 2006. Alikuwa na miaka 25.

Lawama zote akabebeshwa Baker. Mimi naona si haki kumtwisha zote. Prior aligongana vibaya na mchezaji wa timu pinzani Julai 2003, na 2005 mpira uliopigwa ulimrudia ukamvunja kiwiko. Lakini mipira 130 kwa kijana mdogo vile, mwisho wa msimu, tena mara baada ya mara? Hapo hata mimi nashindwa kumtetea.

Baada ya hapo timu zikajifunza, au zilidhani zimejifunza. Zikaanza kuhesabu mipira, kumtoa mtu mapema, kumpumzisha. Mwaka 1974 Nolan Ryan alirusha iningi 332 na akamaliza mwenyewe mechi 26. Mwaka 2024 ligi nzima waliofika iningi 200 walikuwa wanne tu. Kwa hiyo majeruhi wamepungua, siyo? Hapana, wameongezeka! Ripoti ya ligi yenyewe ya Desemba 2024 ilionyesha kidole kwenye kasi. Mwaka 2008 mpira wa kasi ulikuwa na wastani wa kilomita 147 kwa saa, 2024 ukafika karibu 152. Mrushaji wa leo hatunzi nguvu za mechi nzima. Anajua atatolewa, kwa hiyo kila mpira anaurusha kama wa mwisho. Unafanya kazi saa chache zaidi ila kwa mwendo wa kufa mtu.

Na vijana wanafanya hivyo kwa sababu ndiyo wanachoajiriwa nacho. Wawindaji wa vipaji wanakuja na mashine ya kupimia kasi, mashine haipimi kama kiwiko kitafika miaka 30. Hapa ndipo mimi roho inaniuma. Dodgers wana hela ya kununua warushaji kumi ili watano wabaki wazima. Kwao mrushaji ni kama tairi, lipo la akiba kwenye buti. Lakini kijana kama River Ryan ana kiwiko cha kulia kimoja tu, na hao vijana wa Uganda pia.

Mwaka 2025 ikajirudia: Glasnow, Blake Snell na Roki Sasaki wote walikaa nje miezi kwa bega. Aliyedumu ni Yamamoto, ambaye si mrefu wala hana mwili wa kutisha, na mazoezi yake maarufu ni kurusha vijiti kama mikuki. Fainali na Toronto alimaliza mechi ya pili peke yake. Tarehe 31 Oktoba akarusha mipira 96 kwenye mechi ya sita. Kesho yake, mechi ya saba, hakuna mapumziko hata ya siku moja, akaingia tena akarusha mingine 34, Dodgers wakashinda 5-4 kwenye iningi ya 11.

Na kocha wa warushaji wa Dodgers, kazi aliyonayo tangu 2020, unajua ni nani? Mark Prior.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe kwenye lile benchi, usiku ule ungempa Yamamoto mpira? Dondosheni maoni hapo chini, na anayejua besiboli zaidi yangu aniongezee.