Kisamvu: Kwa Nini Hutwangwa Kabla ya Kupikwa

Mboga za jamii ya kabichi, kama sukuma wiki, hustawi zaidi penye baridi. Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, joto na udongo wa kichanga huupendelea muhogo, ambao humpa mkulima mizizi ya kushibisha na majani ya kuujenga mwili. Majani hayo ndiyo kisamvu.

Gramu 100 za majani mabichi ya muhogo zina takriban gramu 7 za protini, ilhali mizizi ya uzito huo haifikishi gramu 2. Yamo pia madini ya chuma na chokaa, pamoja na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hata hivyo, hazina hii huandamana na sumu.

Katika jani mna kemikali iitwayo linamarini. Kimeng'enya cha kuivunja kimo katika jani hilo hilo, lakini vitu hivi viwili vimetengana. Mchi unapoliponda jani, seli hupasuka, vitu hivyo hukutana, na hatimaye hutoka haidrojeni sayanidi. Sumu hii huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi. Hivyo katika chungu kisichofunikwa hutoroka pamoja na mvuke. Jani likitiwa zima katika maji yanayotokota, moto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini hubaki katika mboga na mchuzi wake. Kwa hiyo kutwanga si kwa ajili ya kulainisha tu. Mashine ya kusaga hufanya kazi ile ile.

Hatari hii si ya vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usio na tiba, uliwapata wanavijiji wa Mtwara waliokula unga wa muhogo mchungu usioondolewa sumu ipasavyo.

Vitoweo vya pwani navyo vina maana. Mafuta ya tui huusaidia mwili kuipokea karotini. Samaki huongeza methionini, ambayo ni haba katika kisamvu. Salfa yake huuwezesha mwili kuigeuza sayanidi iliyosalia na kuitoa kwa mkojo. Vitamini C hupotea kwa kuchemsha sana; bibo la mkorosho, lenye vitamini hiyo kuliko chungwa, litaifidia.

Basi yafaa kisamvu kitwangwe barabara, kichemshwe bila kifuniko, ndipo kiungwe kwa nazi na kuliwa kwa samaki.