Majina mawili, gunia moja

Bandugu, wakati wa memware yangu ya agro, hapa Kasapa, nilipoteza siku tatu juu ya mstari mmoja wa Python. Nilikuwa na listi ya mavuno ya mahindi, tani kwa hekta:

mavuno = [2.1, 3.4, 1.8]
jaribio = mavuno
jaribio[0] = 9.9

Nilitaka tu kuona hesabu itaenda namna gani. Kumbe hata mavuno[0] imekuwa 9.9! Namba za shamba zimeharibika, na nilikuwa nimekwisha kuchora grafiki zote.

Sababu? Alama ya = hainakili listi. Inabandika jina la pili kwenye kitu kilekile. Ni kama gunia moja lenye kuandikwa majina ya watu wawili: mmoja akichota, mwingine anakuta limepungua. Lakini ukiandika jaribio = [5, 6], mavuno haiguswi, juu hapo jina limehamia gunia lingine. Hatari iko katika kugusa ndani ya gunia.

Dawa ni mavuno.copy(), katika JavaScript, [...mavuno]. Muangalie tena: kama listi iko na listi zingine ndani, mfano kila parseli na mistari yake, nakala hiyo ni ya juujuu tu. Listi za ndani zinabaki za pamoja. Hapo tumieni copy.deepcopy(), ao structuredClone() kwa JavaScript.

Basi mbele ya kugusa data, jiulize: niko na magunia mawili, ao majina mawili tu?