Kwa nini maharage huchelewa kuiva Kibondo

Vitabu vya shule hufundisha kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Dar es Salaam ni kweli. Kasulu na Kibondo, kwenye mita 1,300 hadi 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka yakiwa na nyuzi 95 au 96 tu. Jambo hili halihitaji kubahatishwa, kwani lipo kwenye mchoro wa hali za maada.

Mstari wa chini wa mchoro huo hupima joto, na wa wima hupima mgandamizo. Katikati kuna maeneo matatu: barafu, maji na mvuke. Mipaka yake yote hukutana mahali pamoja, kwenye nyuzi 0.01 na kilopaskali 0.6, ambapo hali zote tatu huwepo kwa wakati mmoja. Kwa mpishi, mpaka wenye maana ni ule wa maji na mvuke. Pwani mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101. Kibondo ni kama 85. Anzia kwenye 85, nenda kulia hadi ukutane na mpaka huo, kisha shuka usome joto: nyuzi 95.

Kwa joto hilo la chini maharage huiva polepole, na watu huongeza moto; hapo ndipo kuni nyingi zinapopotea. Maji yakishachemka, moto mkali hauyaongezei joto hata kidogo, na maharage hayaivi haraka zaidi. Nishati yote huishia kwenye mvuke, nao ni mlafi: kugeuza lita moja inayochemka kuwa mvuke hutaka karibu mara saba ya nishati iliyoipandisha kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Katika wilaya ambazo kuni zinazidi kutafutwa mbali, huo ni upotevu mkubwa mno.

Njia ya kupata joto zaidi ni kuongeza mgandamizo. Sufuria ya presha hufanya hivyo. Ikizidi hewa ya nje kwa kilopaskali 100, maji ndani yake hufika karibu nyuzi 118. Mfuniko wa kawaida hauongezi presha ya maana, ila huzuia joto lisipotee. Asiye na sufuria ya presha aloweke maharage usiku kucha, afunike, na apunguze moto mara yanapochemka.

Kwa maji ya kunywa, msiwe na wasiwasi na nyuzi 95. Vijidudu vya maradhi hufa hapo. Dakika moja ya kuchemka kwa nguvu inatosha. Dakika tatu hushauriwa kwa wanaoishi juu ya mita 2,000.