Siasa za Ulaya zinapofika shambani Kyela, sikilizeni pamoja na watoto

Ukitaja kakao Tanzania, umetaja Kyela. Ada za shule, sare na bati la nyumba, katika familia nyingi za wilaya hiyo, hutoka kwenye magunia yanayopelekwa ghala la AMCOS kusubiri mnada. Kwa hiyo kura inayopigwa Strasbourg inaihusu familia ya Ipinda au Matema kuliko inavyodhaniwa.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia sokoni kwake mazao yaliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kakao imo, na kahawa imo. Mnunuzi wa Ulaya atatakiwa kuonyesha kwenye ramani shamba lilipo. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, alama moja inatosha. Sheria ilikuwa ianze kutumika Desemba 30, 2024. Wanasiasa wakavutana, ikasogezwa mwaka mmoja. Wakavutana tena, na Desemba 2025 ikasogezwa hadi Desemba 30, 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na Juni 30, 2027 kwa zile ndogo.

Habari ya namna hii haikai kwenye taarifa ya dakika tano. Mtu husikia nusu, kesho kijiweni inageuka kuwa "Wazungu wamekataa kakao yetu". Maneno hayo yanamfaa sana mlanguzi anayetaka kununua kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kupakua kwenye simu, vinasaidia. Idhaa za Kiswahili za DW na RFI huweka vipindi vyao mtandaoni. Gurudumu la Uchumi cha RFI na Maoni Mbele ya Meza ya Duara cha DW ni mifano. Pakua usiku bando likiwa nafuu, au pale mtandao unaposhika, kisha sikiliza bila intaneti. Wakati mzuri ni wa kupasua kakao: mikono ina kazi, masikio yako huru, na watoto wapo hapo hapo. Podikasti za Kiingereza za saa nzima zinamfaa zaidi mwanafunzi wa sekondari, tena kwa vipande. Mtoto wa darasa la nne atasinzia, na si kosa lake.

Mzazi asikilize kwanza mwenyewe. Siasa za Ulaya za sasa zina vita vya Ukraine na maneno makali juu ya wahamiaji. Si kila kipindi ni cha kufungulia watoto. Vilevile watangazaji wengine hutoa maoni yao kwa sauti ile ile ya kusoma habari. Mtoto aulizwe: hapo ameeleza lililotokea, au anasema analolitaka?

Watoto nao watauliza, mathalani, kwa nini wabunge wa Ulaya wawaamulie watu wa Kyela. Swali hilo lisikwepwe. Bunge hilo lina wabunge 720, waliochaguliwa Juni 2024 na wananchi wa nchi 27. Uingereza haimo, ilijitoa mwaka 2020. Hawatawali shamba la mtu Kyela, ila wanaamua kipi kiingie sokoni kwao, na mkulima wa mbali anabeba sehemu ya gharama bila kuwa na kura. Tume ya Ulaya hupendekeza sheria. Bunge na mawaziri wa nchi wanachama ndio huipitisha. Ndiyo maana "Ulaya imesema" ni sentensi ya kutilia shaka. Nani hasa kasema?

Ziwa Nyasa lenyewe lina kisa cha habari za Ulaya kuchelewa. Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa Liuli, pwani ya mashariki ya ziwa, ikitengenezwa. Waingereza walikuwa wamepata habari kwamba vita vimeanza. Nahodha wa Kijerumani hakuwa nayo. Meli ya Gwendolen ikatokea na kufyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba Mjerumani alipanda mtumbwi, akamfuata nahodha Rhoades, rafiki yake wa vinywaji, kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Bei nayo ina mambo yake. Mwishoni mwa mwaka 2024 kakao ilivuka dola 12,000 kwa tani katika soko la dunia, sababu kubwa ikiwa mavuno mabaya ya Ghana na Ivory Coast. Kabla mwaka 2025 haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hapo. Sheria ya misitu ilikuwa bado haijaanza kutumika, kwa hiyo anayeilaumu peke yake kwa anguko hilo hajasikiliza vizuri.

Kwa sasa familia inaweza kuandika tarehe mbili kwenye kalenda ya ukutani, Desemba 30, 2026 na Juni 30, 2027, kisha kuuliza AMCOS kama shamba lao limeshachukuliwa alama za ramani. Kijana anayejua kutumia simu aende pamoja na mzazi.